Jinsi ya kukaa vizuri na papa fahali: kumjua, kuyasoma maji yake na kumwachia akiwa mzima

Ukitaja papa watu wengi wanawaza bahari ya kina kirefu, maji ya bluu, mbali huko ambako mtu wa kawaida hafiki. Papa fahali hayuko hivo kabisa. Huyu ndo papa anayekaa pale pale watu wanapokaa, kwenye maji ya kina kifupi, milango ya mito, ghuba, mikoko, mifereji iliyochimbwa nyuma ya nyumba za watu, na saa nyingine anapanda mto mpaka sehemu ambayo ukimwambia mtu kuna papa atakucheka. Kwahiyo kama unaogelea, unavua, unateleza na mawimbi au unapiga mbizi kwenye pwani yoyote yenye maji ya vuguvugu, haya mambo yanakuhusu hata kama hujawahi kumtia machoni.

Siri ya huyu samaki yote iko kwenye maji. Ukijua maji gani anayataka na kwanini, utajua wapi usiogelee, saa ngapi usiogelee, na utajua pia kwanini anapungua, manake anayoyataka ndo hayo hayo tunayoyajaza kifusi, tunayoyachafua na kuyatega nyavu.

Kwanza umtambue

Jina lake la kitaalamu ni Carcharhinus leucas, na kusini mwa Afrika wengi wanamwita papa wa Zambezi. Shida ni kwamba yuko kwenye kundi la papa ambao wote ni wa kijivu na wote wanafanana, hata wavuvi wazoefu wanabishana. Usianze na rangi. Anza na kichwa, ukimtazama kwa juu utaona pua fupi, pana, butu, yani upana wake unazidi urefu wake, na macho ni madogo ukilinganisha na ukubwa wa kichwa. Kutoka hapo mwili unapanuka haraka, mabega mazito, kifua kinene, hana ule wembamba wa papa wa bahari kuu.

Afu nenda mgongoni. Pezi la kwanza ni kubwa, la pembetatu, linaanzia juu ya mizizi ya mapezi ya kifuani au nyuma yake kidogo. Sasa pitisha jicho (au kidole kama yuko ubavuni mwa boti na ametulia) kati ya pezi la kwanza na la pili, ukikuta kuna tuta jembamba la ngozi linalokimbia katikati ya mgongo basi huyo siye, papa fahali hana hilo tuta, mgongo wake hapo ni laini moja kwa moja. Hicho ni kipimo kizuri kuliko vyote na watu hawakitumii.

Kuna ndugu yake mmoja anachanganya sana, Carcharhinus amboinensis, naye mnene, naye pua butu, naye hana tuta. Hapo angalia pezi la pili la mgongoni. Kwa papa fahali pezi la pili ni kubwa kiasi, ukilipanga juu ya lenyewe mara tatu unafika urefu wa pezi la kwanza au unapita kidogo, kwa yule mwingine pezi la pili ni dogo zaidi na mara tatu haitoshi. Rangi sasa: kijivu juu, nyeupe tumboni, hana mistari wala madoa, na watoto wanakuwa na ncha za mapezi nyeusinyeusi ambazo zinafifia wakikua. Meno ya juu ni pembetatu pana yenye kingo kama msumeno.

Kuhusu ukubwa, majike ndo makubwa kuliko madume. Jike mkubwa wa kawaida ana mita 2.4 hivi na kilo 130, na wapo wanaopita mita 3. Watoto wanazaliwa na urefu wa sentimita 55 mpaka 80, kwahiyo ukikuta papa wa urefu wa mkono wako kwenye maji ya mtoni usiseme eti ni aina ndogo ya papa, huyo ni mtoto na mama yake alipita hapo.

Kwanini anaweza mto wakati wenzake hawawezi

Sehemu hii usiiruke, ndo inaeleza kila kitu kinachofuata.

Papa wa kawaida baharini anaishi kwa kujaza yurea nyingi kwenye damu, ile ile ambayo sisi tunaitoa kwenye mkojo, pamoja na chumvi, mpaka damu yake inakuwa nzito sawa na maji ya bahari au kuzidi kidogo, kwahiyo bahari haimnyonyi maji. Chumvi inayozidi inatolewa na figo pamoja na tezi moja iliyo mwisho wa utumbo. Sasa mchukue papa wa hivo umtupe mtoni, maji yatamwingia kwa kasi kupitia matamvua na chumvi zake zitavuja, hachukui muda ameharibikiwa. Papa fahali akiingia mtoni anabadilisha mambo: anapunguza yurea kwenye damu (hamalizi yote), ile tezi ya chumvi inapunguza kazi, figo zinaanza kutoa mkojo mwingi mwepesi ili kuyatoa maji yanayoingia, na matamvua yanaanza kuvuta chumvi kutoka kwenye maji badala ya kuipoteza. Akirudi baharini anageuza tena. Hahitaji kuchagua, anaishi pande zote mbili.

Ndo maana amekutwa sehemu za ajabu. Mwaka 1937 alivuliwa mmoja Alton, Illinois, huko Marekani, kwenye mto Mississippi, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka baharini. Kwenye Amazon wamefika mpaka Iquitos huko Peru, yani karibu wanavuka bara. Ziwa Nikaragua ndo kisa kitamu zaidi, kwa miaka mingi wataalamu waliamini papa wa lile ziwa ni aina yake ya pekee iliyofungiwa humo, wakampa na jina lake, mpaka miaka ya 1960 ilipokubalika kuwa ni papa fahali yule yule, na mtafiti Thomas Thorson akawafunga alama akaonyesha kwamba wanapanda na kushuka mto San Juan kati ya ziwa na bahari, wanapita kabisa kwenye maporomoko madogo ya mto. Na kule Queensland, Australia, kuna bwawa la uwanja wa gofu wa Carbrook ambako mafuriko ya miaka ya 1990 yaliingiza papa fahali kadhaa, mto ukarudi kwenye njia yake, wao wakabaki humo wameishi kwa zaidi ya miaka 15 wakati watu juu wanapiga mipira.

Lakini usielewe vibaya, si kwamba mito imejaa papa wakubwa. Wanaokaa sana mtoni ni watoto. Mama anabeba mimba miezi 10 au 11, anakuja mlangoni mwa mto, anazaa watoto hai kuanzia mmoja mpaka 13, anaondoka zake. Watoto wanabaki kwenye maji yenye chumvi kidogo au yasiyo na chumvi kwa miaka kadhaa kwasababu huko papa wengine wakubwa, ambao wangewala, hawawezi kuingia. Mto ni chumba cha kulelea, na wakishakua wanatoka kwenda pwani.

Namna ya kuyasoma maji

Sasa ukiwa umeshajua hayo, kusoma maji si ngumu. Jiulize, mto uko wapi? Mlango wa mto, mkondo wa mikoko na ghuba yenye maji ya udongo ndo namba moja. Papa fahali hategemei sana macho, ana vishimo vidogo vingi puani vinavyohisi umeme mdogo unaotoka kwenye misuli ya samaki, ana mstari ubavuni unaohisi mtikisiko wa maji, na pua inayonusa vizuri sana, kwahiyo maji ya tope hayamsumbui hata kidogo ila wewe yanakupofusha. Yeye akikosea kukujua kwenye maji ya hivo, anakujua kwa mdomo.

Mvua kubwa ikinyesha, mto ukileta tope mpaka baharini, kaa nje ya maji karibu na mto mpaka yasafike, hata kama jua limeshawaka na mawimbi ni matamu. Mafuriko yanasukuma samaki na mizoga kuelekea mdomo wa mto, na papa wadogo wanasukumwa nje, na wakubwa wanajua kwamba chakula kimekuja. Ukitaka kanuni moja tu ya kubeba kwenye mwongozo huu beba hiyo.

Joto nalo lina neno lake. Huyu ni samaki wa maji ya vuguvugu, maji yakishuka chini ya nyuzi 20 hivi anaanza kuhama. Kwahiyo sehemu zenye majira, kama Sydney, anakuja kiangazi anaondoka baridi ikianza. Na bahari zinavopata joto ratiba inabadilika, kwa mfano Pamlico Sound, ghuba moja kule North Carolina, Marekani, watafiti wameandika kwamba pamekuwa sehemu ya kulelea watoto wa papa fahali wakati zamani hapakuwa hivo. Kwahiyo "babu yangu ameogelea hapa miaka yote hajawahi kuona papa" si hoja tena.

Vingine nitavipitia haraka. Alfajiri, magharibi na usiku, acha. Ndege wanaopiga mbizi kwa fujo au samaki wadogo wanaoruka kwa pamoja, toka. Sehemu wavuvi wanaposafishia samaki na kumwaga matumbo, usioge, na kama wewe ndo unamwaga matumbo hapo wakati watoto wanachezea maji mita chache pembeni basi tatizo si papa. Mifereji ya makazi na magati, chukulia kwamba yupo. Mbwa akirukaruka kwenye maji ya mtoni jioni anatoa mtikisiko ambao ni mwaliko. Vitu vinavyong'aa, vua. Usiende peke yako.

Halafu angalia nini kimebadilishwa pale pwani. Recife, Brazil, mashambulizi yaliongezeka kuanzia miaka ya 1990 baada ya bandari ya Suape kujengwa kusini yake, watafiti wengi wanahusisha jambo hilo na kuharibiwa kwa milango ya mito na mikoko ambako papa fahali walikuwa wanazalia, inaonekana walihama na kusogea karibu na fukwe za watu. Kisiwa cha Réunion, kile cha Wafaransa kwenye Bahari ya Hindi, nacho kilipata msururu wa mashambulizi kuanzia 2011, ya papa fahali na papa chui, mpaka 2013 serikali ikapiga marufuku kuogelea na kuteleza kwenye mawimbi sehemu kubwa ya kisiwa isipokuwa maeneo yaliyolindwa.

Sitaki uogope kupita kiasi. Mashambulizi ya papa wa aina zote ambayo hayakuchokozwa, dunia nzima, kwa kawaida hayafiki 100 kwa mwaka na mengi watu wanapona. Papa fahali ni mmoja wa watatu wanaotajwa zaidi, pamoja na papa mweupe na papa chui, na huenda anastahili zaidi ya anavohesabiwa kwasababu kwenye tope hakuna anayemwona vizuri. Mpaka leo wataalamu wanabishana kama yale mauaji ya watu walioumwa na papa New Jersey, Marekani, Julai 1916, hasa yale ya kijito cha Matawan, yalikuwa ya papa mweupe au ya huyu.

Akija

Ukimwona, acha kupigapiga maji. Simama wima kwenye maji, mtazame, geuka naye anavozunguka, papa anayewinda kwa kushtukiza hapendi kutazamwa. Kama umezamia, weka mgongo wako kwenye mwamba ili awe na upande mmoja tu wa kukujia. Rudi nyuma pole pole kuelekea boti au nchi kavu bila kumpa mgongo. Kama una samaki uliyemchoma kwa mkuki, mwachie, hata kama ni mkubwa wa maisha yako, na siku nyingine usifunge samaki kiunoni, mfunge kwenye boya kwa kamba ndefu mbali na wewe.

Akikushika, pigana na usisubiri. Macho na matamvua ndo sehemu zinazomuuma. Watu wanasema pua, mimi sipendi sana ushauri huo, pua iko sentimita chache juu ya meno na mkono ukiteleza unaingia pale pale, ila kama una kamera, ubao au mkuki weka kati yako na yeye.

Mtu akishaumwa, kinachomuua ni damu. Mtoe kwenye maji, mlaze hapo hapo ufukweni, usimkimbize kwenye gari kabla ya kuzuia damu. Kandamiza kidonda kwa nguvu zote na kitambaa chochote. Kama ni mkono au mguu na damu inaruka, funga turniketi (kifungo cha kubana ili damu isipite) au mkanda mpana, ukae sentimita 5 hivi juu ya kidonda, si juu ya kiungo kama goti, kaza kwa kijiti mpaka damu ikate kabisa, itauma sana, andika saa uliyofunga, na usiifungue mpaka afike kwa daktari. Mfunike apate joto. Mwenzako mmoja awe anapiga simu ya dharura wakati wewe unafanya hayo.

Akinasa kwenye mshipi wako

Hii inatokea sana milangoni mwa mito, umetega samaki mwingine unashangaa mshipi unakimbia kwa uzito usioeleweka. Ukijua eneo lina papa tumia ndoana za duara, zile zilizopinda kuingia ndani, kwasababu zinashika pembeni mwa mdomo badala ya kumezwa mpaka tumboni, na zisiwe za chuma kisichoshika kutu, ili ikibaki mdomoni ioze yenyewe. Usitumie mshipi mwembamba kwa sifa. Ukipigana naye saa nzima hata ukimwachia anaweza kufa baadaye, mwili umejaa asidi, misuli imechoka.

Akifika ubavuni mwa boti abaki ndani ya maji. Nasisitiza, ndani ya maji. Papa hana mifupa ya mbavu ya kumbeba, ukimtoa uzito wake mwenyewe unamkandamiza viungo vya ndani, na ukimning'iniza kwa mkia ndo kabisa. Mwelekeze kichwa mbele ili maji yaingie mdomoni yatokee kwenye matamvua, endesha boti taratibu sana kama maji yametuama. Usimshike matamvua. Mtu mmoja ashike mshipi, mwingine awe na koleo ya mpini mrefu ya kukata, ukiona ndoana iko karibu na inatoka kirahisi itoe, la sivyo kata mshipi karibu na ndoana kadri unavoweza, usimwachie akaburuta mita tatu za waya. Na mtoto wa papa usimdharau, anageuka mpaka anafika mkiani kwake, na taya lake limejaa. Watafiti walipopima mwaka 2012 waliona kwa uzito wake papa fahali anauma kwa nguvu kuliko papa wengine wote waliowapima kwenye utafiti ule. Picha piga moja akiwa majini, afu mwache aende.

Kumlinda

Orodha nyekundu ya IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi, sasa hivi inamweka kwenye kundi la Vulnerable, yani kiwango cha chini kati ya vile vitatu vya walio hatarini kutoweka, na tangu mwishoni mwa 2023 biashara yake ya kimataifa inasimamiwa na mkataba wa CITES kupitia Kiambatisho cha Pili, yani mapezi na nyama vikivuka mpaka vinatakiwa viwe na vibali. Kwanini ashuke wakati anaonekana jasiri hivo? Kwasababu anazaa pole pole. Jike anaweza kufika miaka 18 kabla ya kubeba mimba ya kwanza, sasa hesabu mwenyewe ni misimu mingapi ya jarife (wavu mkubwa wa kutega) anatakiwa apite akiwa hai kabla hajaacha mtoto hata mmoja. Na kwakuwa analelewa mtoni na pwani, hawezi kujificha mbali na nyavu kama papa wa bahari kuu. Ziwa Nikaragua lilionyesha hilo wazi, miaka ya 1970 kulikuwa na kiwanda cha mapezi pale, papa wakavuliwa kwa maelfu, leo kumwona papa ziwani humo ni habari.

Kwahiyo kama una sauti kwenye kikundi cha wavuvi au kamati yoyote ya pwani, jambo la kwanza la kupigania si bahari, ni mlango wa mto. Jarife lisitegwe kukatiza mkondo wa mto msimu wa kuzaa. Mikoko isikatwe. Bwawa likijengwa mtoni ujue njia ya papa imezibwa pamoja na njia ya samaki anaowala. Nyavu za kukinga fukwe nazo watu wanazipenda kwasababu zinawapa usingizi, lakini hazijengwi kama ukuta, ni vipande vinavyoelea na papa anapita pembeni na chini, wengine hukutwa wamenasa kwa upande wa ndani wakiwa wanatoka, na kasa na pomboo wanafia humo bila hatia. Mimi ningechagua ndoana za kisasa zinazotuma taarifa kwa simu papa akinasa ili akafungwe alama na kupelekwa mbali, zinatumika New South Wales, Australia, au walinzi na droni, kuliko nyavu.

Utalii wa kupiga mbizi nao unasaidia ukifanywa vizuri. Fiji wana hifadhi ya Shark Reef tangu 2004 ambako wazamiaji wanalipa ada inayokwenda kwa vijiji vyenye haki ya uvuvi pale, kwahiyo papa akiwa hai anawaingizia hela. Ukienda sehemu kama hiyo, uliza pesa inaenda wapi kabla ya kulipa.

Na ukivua papa fahali ukakuta ana kijialama cha plastiki karibu na pezi la mgongoni, usiking'oe. Isome namba, andika tarehe, mahali na urefu wa kukadiria, mwachie, kisha peleka hizo taarifa ofisi ya uvuvi au kwa anwani iliyoandikwa kwenye alama yenyewe. Kama alama imeota mwani, ifute taratibu kwa kidole mpaka namba zionekane, ila kichwa kiwe kimeshikiliwa mbali na mkono wako na mwenzako anayejua anachofanya.